Waya Wenye Kichwa cha Mraba

Harufu ilinipata kabla sijamaliza kukata gundi ya boksi. Mliowahi kufungua kifaa kipya mnaijua: plastiki, sponji nyeupe inayolia ukiigusa, na kitu kama rangi ya viatu kwa mbali. Walimu wenzangu walikuwa wanashangilia. Mimi nilijikuta nimerudi nyuma mpaka ukutani, mikono nimeificha kwapani.

Shule yetu hapa Kitendaguro, Bukoba mjini, ilikuwa imeletewa skrini kubwa ya kufundishia, ile ya kugusa kwa kidole, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu mdogo kuliko wote, kazi ya kuiunganisha na laptopu nilitupiwa mimi. Hawakujua kwamba skrini ya aina hiyo iliwahi kunikataa. Msicheke. Mtu mzima, na cheti cha ualimu kabatini, bado niliamini kwamba kuna mashine iliyowahi kuikagua mikono yangu ikaiona haifai, tena mbele ya mama yangu.

Nilikulia Muleba, kijiji cha karibu na Nshamba. Tulikuwa wawili tu, mimi na mama, niliyemwita Mawe kama watoto wote wa kwetu wanavyowaita mama zao. Baba alikufa kabla sijamjua sura. Tulikuwa na kibanja cha migomba na kahawa kiasi, na siku za gulio Mawe alipika chakula Nshamba kwenye kibanda cha mabati. Chakula chenyewe ni ndizi na maharage, na ndizi hazijimenyi. Nilianza kushika kisu nikiwa bado naogopa kuku. Tulikaa chini jikoni, rundo la ndizi katikati yetu, tukamenya tukipiga soga, na utomvu ukatukaukia vidoleni mpaka ukawa mweusi kama lami. Wa kwake haukutoka kamwe. Wangu ulipungua kidogo wakati wa mitihani, maana alinipunguzia kazi. Sikuwahi kuuona kama uchafu. Kila mtoto wa kwetu alikuwa nao, labda wa padri tu, kama padri angekuwa na mtoto.

Nikiwa nimemaliza darasa la sita, tajiri mmoja mzaliwa wa kijiji chetu, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alikuja nyumbani kwa sikukuu na gari refu na boksi refu zaidi. Boksi lilikuwa la shule. Ndani yake mlikuwa na skrini ya kugusa, na juu ya boksi kulikuwa na laptopu. Sisi watoto tuliipa jina palepale: ubao wa kidole. Tajiri akasema ataikabidhi rasmi kabla hajarudi Dar, na kwamba mtoto atakayeifungua siku hiyo mbele ya watu, yeye mwenyewe atamsomesha sekondari ya bweni ya wasichana mjini Bukoba, mpaka amalize. Mwalimu Mkuu akanichagua mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani, hakupendelea.

Mawe alipoambiwa alikaa chini kwenye kizingiti akavua kitambaa cha kichwani, akakivaa tena. Hakuwahi kufika Bukoba mjini zaidi ya mara chache, na kila mara alirudi akizungumzia maduka ya Wahindi ya zamani na sakafu zake za saruji nyekundu. "Utalala kitanda chako peke yako," aliniambia. Hilo ndilo lililomjia haraka kuliko yote. Usiku ule alipika senene, panzi wa msimu aliowahifadhi kwa ajili ya wageni, tukala wenyewe.

Sasa, kwetu kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni hakionjwi. Hata rubisi, pombe ya ndizi ya harusini, ina wa kuifungua, na kabla yake hakuna anayetia mrija. Mwalimu Mkuu akaamua kwamba skrini nayo ni hivyohivyo. Ikawekwa ofisini kwake, ikafunikwa kitenge, na mwalimu wetu wa sayansi, Mwalimu Kamugisha, ambaye ndiye pekee aliyejua kompyuta, akaruhusiwa kuiunganisha na kuiwasha ili picha ionekane, lakini si kuigusa. Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni akimwangalia. Tulimsikia kutoka nje: "Kidole cha kwanza ni cha sherehe, Kamugisha. Usituharibie." Kifaa kilichotengenezwa ili kiguswe, kikalindwa kisiguswe. Leo nikilisema hilo naona kichekesho chake, lakini sicheki.

Kwa hiyo nilifundishwa kwa chaki. Mwalimu Kamugisha alichora mstatili mkubwa kwenye ubao mweusi, ndani yake akachora vijisanduku, na ndani ya kijisanduku kimoja akachora ramani ya mkoa wetu. Nikabonyeza ramani ya chaki kwa kidole cha shahada. "Taratibu. Usiikwangue, siyo kiazi," aliniambia. Nikibonyeza, yeye alifuta haraka akachora Ziwa Victoria kubwa, kuonyesha kwamba limefunguka. Tulicheka wote wawili. Kisha akasema neno ambalo alilisema kwa nia njema kabisa: "Ubao ule unatambua kidole cha mtu. Ukikitambua tu, unafunguka." Mimi neno kutambua nililijua kwa namna moja. Mbwa wa jirani alinitambua, kwa hiyo hakunibwekea. Nikarudi nyumbani nikiwaza kama ubao utanitambua.

Siku yenyewe tuliitwa shuleni ingawa ilikuwa likizo. Kina mama walikuwa wamekata nyasi laini alfajiri, zile tunazoziita obunyansi, wakazitandaza darasa zima kama inavyotandazwa nyumba yenye mgeni wa heshima. Darasa likanukia bichi, tamu, mpaka ukatamani kulala. Skrini ilisimamishwa mbele juu ya meza mbili, laptopu pembeni yake, na Mawe alikuwa miongoni mwa wanawake walioketi nyuma kwenye nyasi, amevaa gauni lake la Pasaka. Mimi nilikuwa nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ikawaka. Weusi ulibaki kwenye mikunjo ya vidole na kando ya kucha, mahali unapobaki siku zote.

Nilisimamishwa karibu na meza mapema ili nisichelewe kuitwa. Ndipo nilipomwona Mwalimu Mkuu akipita kukagua. Alinyoosha kitambaa cha meza, akasogeza chupa ya maua, kisha akaona nyaya zinazoning'inia kati ya laptopu na skrini. Alikunja uso. Waya wa umeme aliuacha. Mmoja aliusukumia chini ya nyasi kwa ncha ya kiatu. Mwingine, mweusi, mfupi, ulikuwa umekaa vibaya, unaonekana na kila mtu. Picha ilikuwa tayari inaonekana kwenye skrini. Akauchomoa ule mfupi, akautazama: upande mmoja kichwa bapa, upande mwingine kichwa cha mraba. Picha haikuondoka. Akaridhika, akauviringisha akautia mfuko wa koti. Mimi nilidhani ni kamba ya kufungia boksi, kwa hiyo nami nikaridhika.

Wageni walikuja. Tajiri, ambaye ndiye alikuwa mgeni rasmi, mkewe, na binti yao wa rika langu, mwenye soksi nyeupe na mikono iliyopakwa losheni inayonukia mpaka nilipokuwa nimesimama. Wakapewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Hotuba zikapita. Kisha Mwalimu Mkuu akalitaja jina langu kamili, Kokushubila, na la baba yangu, na sauti yake ikatetemeka kidogo kwa fahari. Nitamtendea haki kwa hilo.

Nikasogea mbele. Ramani ya Kagera ilikuwa pale, ileile ya chaki lakini ya rangi, ikiwaka. Nikanyoosha kidole nikabonyeza taratibu.

Hakuna.

Nikabonyeza tena. Kioo kilikuwa cha uvuguvugu, laini, na hakikunijali. Nikajaribu kidole kingine. Nikajaribu mkono wa kushoto, jambo ambalo lilifanya bibi mmoja nyuma agune. Nilimtazama Mwalimu Kamugisha, naye alikuwa anaitazama laptopu, halafu meza, halafu chini, uso umempauka. Mgeni rasmi akaangalia saa yake. Hapo Mwalimu Mkuu akanishika kiganja, akakigeuza juu ili kila mtu akione, akacheka kile kicheko cha kuwachekesha wakubwa.

"Waitu, mheshimiwa, utuwie radhi. Mtoto huyu ana mikono ya ndizi. Mashine haiwezi kupokea utomvu." Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kwa kupata nafuu. "Nenda bombani bojo, mwanangu, kanawe vizuri, mbio."

Nilikimbia. Bomba la shule lilikuwa nyuma ya vyoo. Nilijisugua kwa mchanga, kwa majani, kwa jiwe la kusugulia miguu ambalo mtu alilisahau pale. Nilisugua nikiomba, tena kwa Kihaya, maana Kiswahili hakikunijia. Damu ikaanza kutoka kwenye vifundo na weusi bado upo. Nikiwa pale nikasikia darasa zima linapiga makofi na vigelegele.

Niliporudi, maji yananidondoka viwikoni, binti wa mgeni alikuwa amesimama mahali pangu. Ziwa Victoria lilikuwa limejaa skrini nzima, la buluu. Aligusa Muleba, ikafunguka Muleba. Aligusa Bukoba, ikafunguka Bukoba. Ubao ulimtambua kila mahali alipougusa. Mgeni rasmi alikuwa amesimama, anapiga makofi kuliko wote. "Basi!" akasema. "Niliahidi kumsomesha atakayeufungua. Itabidi nimsomeshe binti yangu mwenyewe!" Darasa likaangua kicheko, na ahadi ikaishia ndani ya kicheko hicho. Hakuna aliyeivunja. Hakuna aliyeikumbusha pia.

Nilimtafuta Mawe kwa macho. Yeye peke yake hakuwa akiitazama skrini. Alikuwa ameikunjua mikono yake mapajani, anaitazama.

Tukarudi nyumbani. Tulipofika nikaenda jikoni kama kawaida, nikachukua kisu, nikakaa mbele ya rundo. Akaja akanitoa kisu mkononi.

"Mawe, kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Ni mimi." Akakaa mahali pangu. "Ni mimi niliyekuharibu mikono. Hutamenya tena ndizi katika nyumba hii."

Nilidhani ni hasira ya jioni moja. Haikuwa hivyo. Kesho yake alikata mkungu mkubwa kuliko yote kibanjani, ule aliokuwa anaulea kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa dada yake, akauweka kichwani akaenda nao nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Nilimfuata nyuma. Alipiga magoti mlangoni kama mwanamke wa kwetu anavyomsalimu mkubwa, akamwomba radhi kwa aibu ambayo mwanawe ameitia shule mbele ya mgeni. Mwalimu Mkuu aliukagua mkungu, akauinua kuupima uzito. "Yamekwisha, mama," akamwambia. "Mlee tu kwa usafi." Akaupokea. Akaita mtu auingize ndani.

Tangu hapo mikono yangu ikawa ya Mawe, siyo yangu. Kila jioni aliipaka samli, akiikanda kidole kimoja kimoja. Alinikataza jembe, akanikataza kuchuma kahawa. Niliwaona wenzangu wakienda kibanjani na mama zao, mimi nimekaa barazani na kitabu, mikono nimeilaza kama ya mgonjwa. Waliniita Bibi Harusi. "Bibi Harusi, njoo ucheze rede! Au utavunjika?" Kazi zangu zote alizichukua yeye. Alimenya za watu wawili, akapalilia za watu wawili, akazeeka kwa watu wawili. Nilisoma sekondari ya kata kwa miguu, nikafaulu, nikaenda chuo cha ualimu, na kila likizo niliporudi alianza kwa kuniomba mikono. Aliigeuza, akanusa, akatabasamu. "Sasa hakuna mashine itakayokukataa." Yeye mwenyewe vidole vilikuwa vimeanza kupinda, havikunjuki wala havifungi. Nikisema nisaidie, alinifukuza jikoni.

Alifariki mwaka jana. Tulimpeleka Rubya hospitali, wakafanya waliloweza, umri na kazi vilikuwa vimeshachukua nguvu zilizobaki. Wanawake waliomwosha waliniambia hawakuweza kumnyoosha vidole. Tulimzika navyo vimejikunja hivyohivyo, kama vimeshika kisu. Mwalimu Mkuu, mstaafu sasa, alikuja msibani. Aliketi kwenye nyasi na wazee, na alipopewa nafasi alisema marehemu alikuwa mchapakazi ambaye mfano wake ni adimu. Nilimshukuru. Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili laini nikamshukuru.

Turudi Kitendaguro. Tuliisimamisha skrini darasa la tano, nikaweka laptopu mezani, nikachomeka waya wa picha, na picha ikaja. Watoto wakashangilia. Nikajikaza, nikanyoosha kidole nikagusa. Hakuna. Nikagusa tena. Nikayasikia maneno yakinitoka kinywani kabla sijayafikiria: "Nani hapa ana mikono safi?"

Mikono mingi ikapaa. Lakini kwenye dawati la mbele kulikuwa na msichana mmoja, mama yake anauza ndizi za kuchoma, naye badala ya kunyoosha aliirudisha mikono yake nyuma ya mgongo. Niliuona weusi wake ukipita. Nikakaa.

Ili watoto wasinione uso, nikainamia boksi nikajifanya natafuta kitu. Kulikuwa na karatasi ya maelekezo, yenye michoro, mtoto angeielewa. Waya wa kwanza, unapeleka picha kwenye skrini. Waya wa pili, unarudisha mguso kwenye kompyuta. Bila wa pili utaona kila kitu, na hutafungua chochote. Chini kabisa ya sponji mlikuwa na mfuko mdogo wa nailoni. Nikauchana. Waya mweusi, mfupi, upande mmoja kichwa bapa. Upande mwingine kichwa cha mraba.

Niliuchomeka. Nikamwita yule msichana. Alisita, nikamwambia aje hivyohivyo. Akagusa kwa kidole cheusi, woga umemjaa, na skrini ikafunguka yote. Skrini haikuwa na habari na utomvu. Haikuwahi kuwa nayo. Watoto walipiga makofi nami nikatoka nje nikalia nyuma ya tangi la maji, nikilia kwa hasira, siyo kwa huzuni. Huzuni nilikuwa nimeshaimaliza msibani.

Jumamosi nilipanda gari kwenda Nshamba, waya nimeuweka kwenye mkoba. Mwalimu Mkuu anaishi kwenye nyumba ileile, mlango uleule. Nilimkuta anaanika kahawa uani.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Koku waitu! Karibu, karibu ndani."

Nilikaa. Nikauweka waya mezani mbele yake. Alivaa miwani, akaushika, akaugeuza akaona ule mraba, na uso wake ukachanua.

"Huu!" Alicheka mpaka akakohoa. "Huu ulinitesa! Unajua niliuchomoa mwenyewe? Nilidhani umezidi, nikautia mfukoni. Wewe ulipokwenda kunawa, Kamugisha akaja kuninong'oneza. Nikampa, akauchomeka harakaharaka. Ee, siku ile tuliponea chupuchupu."

"Mbona hamkuniita nijaribu tena?"

"Mgeni alikuwa na haraka, na binti yake ameshasimama pale. Kamugisha alitaka kusema, nikamkanyaga mguu." Alikuwa bado anatabasamu. "Ningesemaje mbele ya watu, mwanangu? Kwamba Mwalimu Mkuu hajui waya?"

"Mama aliamini ni mikono yangu. Mpaka anakufa."

Tabasamu lilipungua kidogo. "Mama zenu hao. Angeniuliza ningemwambia. Na wewe si umekuwa mwalimu? Mambo yalikwenda vizuri."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njia nzima kutoka Bukoba. Likabaki moja.

"Na ule mkungu?"

"Mkungu gani?"

"Mama alikuletea. Kesho yake asubuhi. Alipiga magoti pale mlangoni akakuomba radhi, ukaupokea."

Akatazama mlangoni. Alivua miwani, akafikiri, na niliona kwamba anafikiri kweli, anatafuta kwa moyo wote, wala hanidanganyi.

"Watu waliniletea ndizi nyingi sana miaka ile, bojo," akasema mwishowe. "Siwezi kukumbuka upi ulikuwa wa nani."

Nikauchukua waya wangu mezani nikaurudisha kwenye mkoba. Jumatatu nilikuwa na kipindi cha kwanza, darasa la tano.